Ipyana, Ambokile, Lusekelo: neema ya Mungu katika majina na maisha ya Nyanda za Juu Kusini

Neema, katika mafundisho ya Kikristo, ni wema wa Mungu unaomfikia mtu asiyeustahili na asiyeweza kuulipia. Ukombozi ni kazi ya wema huo: mtu anatolewa katika dhambi na mauti na kurudishwa kwa Mungu aliyemuumba. Furaha ni hali ya moyo wa mtu anayejua kwamba ametolewa. Wanateolojia wameyaandikia mambo haya matatu vitabu vya kujaza makabati, lakini katika wilaya za Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, yanasikika kila asubuhi mwalimu anapoita majina darasani. Ipyana? Yupo. Ambokile? Yupo. Lusekelo? Kwa Kinyakyusa Ipyana ni neema, Ambokile ni "ameniokoa", na Lusekelo ni furaha.

Majina ya namna hiyo ni mengi. Ambilikile ni "ameniita". Ambwene ni "ameniona". Atuganile ni "ametupenda", Atupele ni "ametupa", Tusajigwe ni "tumebarikiwa", Tulinagwe ni "tuko naye", na Gwakisa ni "wa huruma". Yakitazamwa kwa jicho la sarufi, jambo moja linajitokeza. Ile A inayoanza majina mengi kati ya hayo ni "yeye", na yeye huyo ni Mungu, Kyala. Katikati yuko "mimi" au "sisi", wanaotendewa. Mwishoni mwa mengi kuna -ile, alama ya tendo lililokwisha kutendeka. Hakuna hata jina moja hapo linalosema kwamba mtoto amejiokoa au kwamba wazazi wake walistahili. Mungu ndiye mtenda, binadamu ndiye mtendwa, na kazi imekwisha kufanyika. Kiini chote cha mafundisho ya neema kimo katika mpangilio huo, na mzazi asiyewahi kukanyaga chuo cha Biblia humvika mtoto wake mafundisho hayo angali mchanga, kabla mtoto hajatenda jema wala baya.

Neno neema lenyewe limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mitaani lina maana pana. Mwaka wa neema ni mwaka ambao mvua imenyesha kwa wakati na ghala zimejaa. Kuneemeka ni kupata mali na kustawi. Watafsiri wa Biblia walipolichagua neno hili ili libebe neno la Kigiriki *charis*, walilichukua pamoja na harufu yake ya shibe, na harufu hiyo haijawahi kutoka kabisa. Ndiyo maana wahubiri wengi hulazimika kulitenganisha na jirani yake, rehema. Rehema, hufundisha, ni kutopewa adhabu unayostahili. Neema ni kupewa wema usioustahili. Mwizi aliyeachiwa huru amepata rehema. Mwizi aliyeachiwa, kisha akakaribishwa mezani na kukabidhiwa funguo za nyumba ile ile aliyoivunja, huyo amepata neema.

Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, alisisitiza kwamba wokovu ni zawadi, wala si mshahara wa matendo, ili mtu asipate la kujisifia. Jambo hili linaudhi kiburi cha binadamu, na limegombaniwa tangu zamani. Mwafrika Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyeishi kati ya mwaka 354 na 430, alishindana kwa miaka mingi na mafundisho ya Pelagio, aliyeamini kwamba mtu ana uwezo wa kuchagua wema kwa nguvu zake mwenyewe. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, Martin Luther aliufufua mjadala huo nchini Ujerumani, na Kanisa la Magharibi likagawanyika. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake. Kwa Iringa, ambako Wakatoliki wa Tosamaganga na Walutheri wa vijiji vya jirani wameishi kwa vizazi vingi wakioana na kuzikana, tamko hilo linahusu meza ya chakula ya familia nyingi.

Habari hizi za neema zilifika Rungwe kwa njia ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1891 Wamoravian wanne kutoka Ujerumani walianzisha misheni chini ya Mlima Rungwe, na mwaka huo huo Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ilianza kazi upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo. Mwanzo ulikuwa mgumu. Mmoja wa wale wanne, Georg Martin, alifariki kabla mwaka haujaisha, na ikapita miaka mingine bila Mnyakyusa hata mmoja kubatizwa Rungwe. Wa kwanza alikuwa mwanamke, Fyabarema, mwaka 1897. Katika ubatizo alipewa jina Numwagile, maana yake "nimempata".

Jina hilo linaonekana kugeuza ile sarufi ya Ambokile na Atupele, kwa kuwa hapa mtenda ni mwanamke mwenyewe. Lakini mtu hupata kilichokuwapo. Anayesema amempata Mungu anakiri kwamba Mungu alikuwapo kabla yake, na kazi yake yeye ilikuwa kufumbua macho. Yesu alisimulia habari ya mtu aliyekuta hazina imefichwa shambani, akaenda kwa furaha kuuza alivyo navyo vyote ili anunue shamba lile. Wasimulizi wengi huikazia ile bei. Hadithi yenyewe huanza na furaha: mtu yule aliuza kwa sababu alikuwa amekwisha kufurahi.

Neno ukombozi lina historia nzito zaidi katika nchi hii. Katika maisha ya kila siku, kukomboa ni kulipa ili kitu kirudi kwa mwenyewe. Shamba lililowekwa rehani hukombolewa. Ndugu wa karibu wa neno hilo ni kugomboa, ambalo mawakala wa forodha hulitumia kila siku mzigo unapokwama bandarini au mpakani. Katika vitabu vya Agano la Kale, mkombozi alikuwa ndugu wa damu aliyekuwa na wajibu wa kulipa deni la jamaa yake, kulirudisha shamba lake, au kumtoa utumwani. Boazi katika kitabu cha Ruthu ni mtu wa namna hiyo. Mtu aliyelelewa katika ukoo wa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa haoni ugumu kuelewa habari hii: mwenye shida hatolewi na mgeni, hutolewa na wa kwao. Kwa Wakristo, uzito wa kusema kwamba Mwana wa Mungu alifanyika mwili uko hapo. Alijifanya ndugu kwanza, ndipo akakomboa.

Wamisionari walipofika, kukomboa hakukuwa mfano wa mimbarani. Eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika lilikuwa limechakazwa na vita na biashara ya utumwa. Watoto na wanawake walitekwa, wakatolewa kulipia deni au kufidia kosa la ndugu, wakapita mkono hadi mkono. Chini ya utawala wa Wajerumani mtumwa aliweza kukombolewa kwa fedha na kupewa hati ya uhuru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Baadhi ya watu waliotoka utumwani walitafuta hifadhi katika vituo vya misheni, na wachache wao walisimulia maisha yao.

Mmoja wa hao ni Sichyajunga. Alitekwa akiwa mtoto, akapita kwa mabwana zaidi ya mmoja, mpaka safari yake ikamfikisha kwa Wamoravian. Uzeeni alisimulia aliyoyapitia kwa Kinyiha, na Elise Kootz-Kretschmer, Mmoravian aliyeishi miaka mingi katika nchi ya Wasafwa, akayachapisha Ujerumani mwaka 1938. Jina la kitabu hicho linaweza kutafsiriwa "maisha yasiyotulia". Augustino naye, karne kumi na tano nyuma, alikuwa ameutumia mfano wa moyo usiotulia kueleza hali ya mtu ambaye bado hajampata Mungu. Lakini mahangaiko ya Augustino yalikuwa ya msomi aliyetangatanga kwa hiari yake. Ya Sichyajunga yalikuwa ya mtoto aliyeburutwa njiani na watu wasiomuuliza jina. Neema inayohubiriwa katika nchi hii haina budi kuwa na neno kwa wote wawili, kwa aliyepotea na kwa aliyepotezwa. Mahubiri yanayozungumzia hatia tu humwacha Sichyajunga nje ya mlango.

Katika makanisa ya Moravian, alama ya ukombozi huo ni Mwana-Kondoo aliyebeba bendera ya ushindi. Maandishi ya Kilatini yanayoizunguka husema kwamba Mwana-Kondoo ameshinda na kwamba waumini wamfuate. Aliyechinjwa ndiye aliyeshinda: hapo ndipo imani hii inapotofautiana na kila hesabu ya nguvu ambayo watekaji wa Sichyajunga waliijua.

Wanyakyusa hawakuanza kujua habari za msamaha siku wamisionari walipotua. Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi Rungwe na Kyela kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwa kirefu jinsi ndugu walivyokutana kabla ya tambiko ili kutoa yaliyomo moyoni. Hasira iliyofichwa iliaminika kuleta ugonjwa na utasa, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kusema wazi: nilikuwa na kinyongo juu ya ng'ombe wale, juu ya neno lile. Akiisha kusema, hujaza maji kinywani na kuyapuliza nje, ishara kwamba hasira imetoka. Kitenzi cha kupuliza huko ni ukupuuta, na Wakristo wanapomwomba Mungu kwa Kinyakyusa hutumia neno la mzizi huo huo, ukwiputa. Wito wa kusali ibadani bado unabeba kumbukumbu ya mtu anayeyatoa nje maji na kinyongo kwa pumzi moja.

Injili ilileta badiliko katika mpangilio wa mambo. Zamani kusema hasira kulifungua njia ya baraka. Katika mafundisho ya neema baraka imetangulia, nayo ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kusema. Toba haimnunulii mtu msamaha. Inafanana na mwana mpotevu aliyejiandalia maneno ya kuomba kazi ya kibarua, akakumbatiwa na baba yake kabla hajayamaliza.

Mpangilio huo hauonekani wazi wakati wote katika maisha ya makanisa. Walutheri na Wamoravian wa nyanda hizi wana desturi ya nidhamu: aliyeanguka, kwa mfano binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, huzuiwa kushiriki Meza ya Bwana, kisha baada ya mafundisho husimama mbele ya waumini na kurudishwa kundini. Siku ya kurudishwa kundini inaweza kuwa na machozi ya kweli na nyimbo za kweli. Lakini mara nyingi binti husimama peke yake, na kijana aliyempa mimba amekaa benchi la nyuma na wenzake, au hayupo kabisa. Nidhamu ina nafasi yake, kwa kuwa dhambi huumiza watu halisi. Ila utaratibu unaomfanya mmoja alipe na mwingine apite bure umekuwa hesabu ya deni, na kanisa linaloukubali linapaswa kuuona mzigo huo kuwa wake lenyewe.

Upande wa pili uko mwanya mwingine. Katika jiji la Mbeya, lenye makanisa ya kila aina kila mtaa, mtu anaweza kukuta maji, mafuta na vitambaa vikitolewa kwa bei pamoja na ahadi ya baraka. Hapo ile harufu ya zamani ya neno neema, harufu ya kuneemeka, imefunika maana yake ya Kibiblia. Mama anayetoa akiba yake ya mwisho ya kununulia mbolea ili aombewe mwanawe apone anastahili kuambiwa ukweli: kinachouzwa si neema, kwa kuwa neema haina bei. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyeuawa na utawala wa Hitler mwezi Aprili 1945, alionya mwaka 1937 juu ya kosa lililo kinyume chake: neema ya bei rahisi, msamaha unaogawiwa bila toba na bila kumfuata Kristo. Muuzaji wa mafuta na mhubiri wa neema rahisi wanafanana kwa jambo moja. Wote wawili wamemtoa Mungu katika neema na kuacha bidhaa.

Neema inavyopokelewa na kuzaa shukrani huonekana vizuri Jumapili wakati wa mnada wa sadaka, katika usharika wa Kilutheri huko Kilolo au Mufindi. Ibada ikiisha, waumini hutoka nje na kuzunguka meza. Asiye na fedha ameleta alicho nacho: debe la mahindi, kuku aliyefungwa miguu, mayai sita kwenye kibakuli, maharage ndani ya kitenge. Mzee wa kanisa ananyanyua kibakuli na kuanza kuita bei. Mayai hununuliwa, kisha mnunuzi anasema yauzwe tena. Yanauzwa tena, na mara nyingine mnunuzi wa pili humpelekea mgeni au mjane. Mtu wa hesabu angesema mayai sita hayawezi kuuzwa kwa bei ile. Lakini waliosimama pale hawanunui mayai. Wameshapokea, na kila mmoja anatafuta namna ya kukipitisha mbele alichopokea.

Mjini Iringa neno neema limewekwa juu ya mlango wa karakana. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikiwa na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Sehemu ya karatasi hizo hutokana na kinyesi cha tembo: huchemshwa, husafishwa, nyuzi zake husambazwa juu ya wavu na kuanikwa, mpaka kile kilichokuwa taka kinakuwa karatasi ya kuandikia kadi ya harusi. Baadaye ziliongezeka kazi za kufuma, kushona na shanga, na wafanyakazi wenye ulemavu wakazidi 100. Katika mgahawa wa kituo hicho wahudumu ni viziwi. Mteja huandika anachotaka au hujaribu ishara chache alizozisoma ukutani, na kwa dakika hizo yeye ndiye asiyejua lugha ya mahali pale.

Katika jamii nyingi mtoto mwenye ulemavu amehesabiwa kuwa laana au aibu, akafichwa chumba cha ndani. Mafundisho ya neema hukata mzizi wa hesabu hiyo, kwa sababu yanakanusha kwamba mtu yeyote, mzima au mlemavu, anasimama mbele za Mungu kwa stahili zake. Ukishaondoa stahili, hakuna anayebaki wa kufichwa. Karakana haihitaji kumhubiria mteja hayo yote. Mteja hunywa kahawa aliyoletewa na mtu ambaye pengine angefichwa ndani.

Furaha inayotokana na mambo haya haifanani na starehe. Paulo aliwaandikia Wafilipi waraka uliojaa furaha akiwa kifungoni. Katika Nyanda za Juu Kusini kipimo cha furaha hiyo ni msiba. Godfrey Wilson, alipoandika juu ya mazishi ya Wanyakyusa mwishoni mwa miaka ya 1930, alieleza jinsi kilio cha wanawake kilivyochanganyika na ngoma ya vijana kwa kishindo kikubwa. Wakristo waliiacha ngoma wakachukua nyimbo, na mpaka leo kwaya huimba karibu na jeneza usiku kucha, sauti nne zikipandana juu ya baridi ya Tukuyu. Wanaoimba wanalia. Hakuna anayewaambia waache kulia ili waimbe, wala waache kuimba ili walie.

Mchanganyiko huo wa kilio na wimbo unafika kilele alfajiri ya Pasaka. Mwaka 1732, huko Herrnhut Ujerumani, vijana wa Kimoravian walikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza kuimba habari ya ufufuo, na desturi hiyo ikasafiri na kanisa lao hadi Rungwe. Gizani, umande ukiwa bado mzito kwenye majani, waumini hukusanyika penye makaburi, watoto wakiwa wamejifunga mablanketi, wapiga tarumbeta wakipasha vidole moto kwa pumzi. Liturujia inakiri imani juu ya Kristo aliyefufuka na kuwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Mlima huanza kuonekana, kwanza mstari mweusi, kisha kijani. Kwa mwanga huo wa kwanza majina yaliyochongwa juu ya makaburi nayo yanaanza kusomeka, Ambwene, Atupele, Tulinagwe, na tarumbeta zinaanza kulia.